Wabebaji wa Mikono

Mikono ya Dkt. Nyamizi Songoro ilikuwa Tabora, lakini vidole vyake vilikuwa ndani ya tumbo la askari aliyelazwa ng'ambo ya bahari mbili. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha ngozi, kanga imefungwa kiunoni juu ya sare ya kijani, akishona hewa. Mgeni ambaye angechungulia mlangoni angedhani mama huyu mtu mzima amepandwa na mashetani. Kila alipokunja kidole chake, kidole cha Koplo Khasandi nacho kilijikunja ndani ya hema la hospitali katika visiwa vya Orsane, kikiwa ndani ya glavu nyeusi iliyotengenezwa kuuongoza mkono kama mzazi anavyomwongoza mtoto kuvuka barabara.

"Fundo la mwisho," alisema Nyamizi.

"La mwisho, Mama Daktari," aliitikia Khasandi. Alikuwa binti wa Bungoma mwenye sauti nyembamba na mikono mikubwa, na katika mwaka mzima wa kufanya kazi pamoja hakuwahi kusema neno ambalo Nyamizi hakulisema kwanza.

Jeshi lilifikia mpango huu kwa sababu ya shida, si kwa werevu. Kikosi cha Jumuiya kilipotumwa Orsane kulinda meli za chakula, vijana walipatikana, maboti yalipatikana, hata wapishi wa pilau walipatikana. Madaktari wa upasuaji ndio waliokuwa adimu kama maziwa ya kuku. Waliokuwepo nyumbani walikuwa na foleni za wagonjwa zisizokwisha, na waliopelekwa ng'ambo walinyakuliwa na hospitali za huko kabla hata hawajazoea chakula. Ndipo mtu mmoja makao makuu akauliza kwa nini wampeleke daktari mzima wakati wanachohitaji ni mikono yake. Vikawekwa viti vinne Tabora, na glavu zikapelekwa Orsane. Vijana waliozivaa wakaitwa wabebaji. Kazi yao ilikuwa kubeba mikono ya mkubwa, basi.

Siku hiyo viti vitatu vilikuwa vitupu. Daktari mmoja alikuwa amejifungua, wa pili alikuwa kitandani na homa ya matumbo, na wa tatu, baada ya kuapa mbele ya bendera kwamba haondoki, alikuwa ameondoka. Nyamizi alikuwa ndiyo kwanza anavua pete za vidoleni, zile zinazosoma mwendo wa mkono, mlango uliposukumwa na Injinia Lukelo, mtunza mitambo. Lukelo hakuwa mtu wa kukimbia. Leo alikuwa anahema.

"Usivue, Dokta. Gati la Orsane limelipuka. Wanaleta majeruhi."

* * *

Walikuwa watano wa kupasuliwa hapohapo. Nyamizi aliwaona kwenye kioo kikubwa ukutani wakiingizwa mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Sajenti Obwoya, kifua kimechanwa na chuma. Wa pili alikuwa Praiveti Kisanga, kijana wa Same, tumbo limevimba na ngozi imepauka. Bila shaka bandama lilikuwa limepasuka na damu ilikuwa ikijaa ndani. Na wengine watatu, mguu, shingo, ini. Kando ya kila meza alisimama mbebaji mmoja, glavu mkononi, akisubiri.

"Unaweza kunigawa?" Nyamizi alimuuliza Lukelo, ingawa jibu alilijua.

"Tulishajaribu, Dokta."

Kweli walishajaribu. Mkondo, kama walivyouita ule mfumo, ulibeba mikono ya daktari mmoja hadi kwa mbebaji mmoja. Mara moja waliugawa kwa wabebaji wawili. Lakini matumbo ya watu hayafanani, hata ya mapacha, na mkato uliokuwa sahihi kwenye meza moja ulikuwa msiba kwenye meza ya pili. Hakuna aliyependa kuizungumzia siku ile.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi na katili. Angeokoa mmoja, labda wawili akiwahi. Waliobaki wangeishiwa damu wakiwa wamelala karibu na mtu mwenye glavu nzima, kisu kizima na macho mawili.

"Nataka kulifungua kufuli la glavu," alisema.

Lukelo aligeuka kumtazama Kanali Burure, mkuu wa kituo, ambaye alikuwa ameingia bila kubisha na kusimama nyuma ya kiti. Burure alikuwa mtu wa Musoma, mrefu, mpole kuliko cheo chake.

Kufuli lilikuwa ndiyo roho ya glavu. Daktari akitoka kwenye mkondo, glavu hukakamaa kama kuni, na visu vilivyotumika Orsane, vinavyokata kwa mwanga, haviwaki bila glavu iliyo hai. Kanuni ya jeshi ilisema kwa maneno machache: mkono usio wa daktari usikate. Sauti ya daktari peke yake ndiyo iliyoweza kulifungua kufuli, na aliyefanya hivyo alijua kinachomsubiri, leseni kwanza, mahakama ya kijeshi baadaye.

"Tena likifunguka halifungiki," alisema Lukelo kwa sauti ya chini. "Lazima glavu zirudi kiwandani. Kuanzia leo mikono ile itakata inapotaka, Dokta, uwepo usiwepo."

"Nyamizi," alisema Kanali, na hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Kabla ya glavu hizi nilikuwa na mhudumu mmoja, shujaa kweli, mwenye moyo. Alimpasua kijana kwa nia njema. Mimi ndiye niliyempeleka yule kijana kwao Musoma ndani ya sanduku, nikamkabidhi mama yake. Moyo si ujuzi. Tazama." Aligusa kioo, na mistari mitano ikatokea, imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. "Hiki ni kipimo cha mkengeuko. Kinaonyesha mkono wa mbebaji unavyotaka kwenda njia yake. Majeshi mengine yanayotumia glavu hizi, wabebaji wao wanapanda na kushuka, wanabishana na daktari, na watengenezaji wanasema hapo ndipo mtu anapojifunza. Wetu ni sifuri. Mwaka mzima, sifuri. Hawajajifunza kitu, wamebeba tu. Unataka kuwapa visu?"

Nyamizi aliitazama ile mistari. Alikuwa ameiona kila wiki na kila wiki ilimsikitisha, kwa sababu aliwapenda vijana wale na alitamani wawe na kitu chao. Kanali alikuwa sahihi. Kumwachia asiyejua kisu ni kuua, hata ukilia machozi.

Lakini sifuri ile ilimkera. Akakumbuka uani kwao, akitwanga na dada yake katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule ukishuka. Siku alipokuja binamu asiyejua kutwanga, michi iligongana mpaka shangazi akawafukuza. Mtu asiyejua mwendo hapati sifuri. Anachelewa, anavutwa, anapotea njia.

"Lukelo," alisema polepole. "Glavu inamvuta Khasandi kwa nguvu kiasi gani?"

Lukelo alijikuna kisogo. "Hilo nalo, Dokta... injini za glavu zao hazivuti kitu. Miezi sasa. Nilidhani vihisio vimekufa. Nimeshaagiza vipuri."

"Vya nani?"

"Vya wote watano," alisema, na alipokuwa akisema hivyo akajiona mjinga.

Nyamizi alibonyeza kitufe cha sauti. "Khasandi."

"Naam, Mama Daktari."

"Nijibu kweli, mwanangu. Nikiwa ndani ya mikono yako, unajua ninakokwenda kabla sijaenda?"

Kule hemani mtu alikuwa akigumia kwa maumivu.

"Najua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla mvua hazijaanza."

"Na wenzako?"

"Sisi wote, Mama. Jioni tunakaanga mihogo tukijaribiana: Mama Daktari akifika kwenye ini atageukia wapi? Anayekosa anaosha vyombo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Khasandi alionekana kushtuka kweli. "Nikutangulie wewe?"

Kanali Burure alivuta kiti akakaa. Ile ndiyo adabu waliyolelewa nayo wote, yeye pia, kwamba mkubwa akiwa njiani mdogo hamtangulii, akiwa anasema hamkatizi, akila hatii mkono kwanza kwenye sahani. Watengenezaji wa glavu hawakuijua. Walitengeneza kipimo cha kumkamata mtu anayebishana na mkubwa wake, kisha wakawavalisha vijana ambao wangeona heri kufa kuliko kubishana. Na ndani ya heshima ile vijana walikuwa wamejificha, wanajua kazi yote, wanangoja waruhusiwe kujua.

* * *

"Mama, ukituachia visu, kuna jambo," alisema Khasandi, aliyekuwa kwenye meza ya Kisanga. "Mimi naogopa. Nikimwua?"

Nyamizi alikuwa ameua watu wawili katika maisha yake ya kazi, kwa makosa yake mwenyewe, na aliwajua kwa majina. Je, alikuwa na haki ya kumtwisha binti huyu mzigo kama ule? Na wale waliolala mezani, walijiandikisha jeshini wakiambiwa watapasuliwa na Mama Daktari, si na koplo. Naye aliogopa. Lakini alijua pia kwamba hofu ni yake, na damu inayomwagika ni ya wengine.

"Khasandi, kwenu Bungoma, mama yako akitokea sokoni na mzigo kichwani, unamngoja mlangoni kwa heshima mpaka afike?"

"Hapana! Nitamkimbilia."

"Unakimbia mbele?"

"Mbele, Mama. Namtua."

"Basi leo mimi nimeelemewa, mnaniona. Nitueni." Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi: "Mimi Nyamizi Songoro, daktari. Nafungua kufuli la glavu zote tano."

Kanali alisimama tena. Nyamizi hakugeuka. "Kama unaniandikia mashtaka, Kanali, jina langu lina nukta baada ya Dkt."

"Naandika," alisema Burure. "Naandika kwamba mkuu wa kituo alikuwepo, alisikia, na hakuzuia. Wakitushtaki watatushtaki sote wawili. Fanya kazi yako."

Glavu zote zililegea kwa pamoja. Vijana waliitazama mikono yao kana kwamba imerudi kutoka safarini.

Nyamizi aliingia kwenye mikono ya mbebaji Hamduni, Mpemba mkimya, mbele ya kifua cha Sajenti Obwoya, kwa sababu hiyo ndiyo meza iliyokuwa mbaya kuliko zote. Masikio yake aliyaacha wazi kwa meza nyingine zote.

Praiveti Kisanga alikuwa bado na fahamu. "Ni Mama Daktari anayenipasua?" aliuliza, meno yakigongana.

Khasandi aliitazama kamera. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Ingemtuliza.

"Mwambie kweli," alisema Nyamizi. "Ana haki ya kukataa."

"Ni mimi," alisema Khasandi. "Khasandi. Mama yupo anatusikia, lakini mkono ni wangu. Unakubali?"

Kisanga alimkodolea macho. "Si wewe ulinishona paja siku ile ya waya?"

"Ni mimi, lakini ulikuwa mkono wa Mama."

"Mimi niliona wako tu," alisema Kisanga. "Haya, fanya haraka dada, naona kizunguzungu." Na dawa ya nusu kaputi ikamchukua.

* * *

"Mama, nikate hapa katikati?"

"Usiniulize. Niambie."

"Nakata... nakata hapa katikati." Kisu cha mwanga kikawaka. "Damu nyingi, Mama. Nyingi sana. Sioni kitu."

"Khasandi."

"Naam. Naweka vitambaa. Pembe zote nne. Nasubiri. Natoa cha kwanza." Sauti ilikuwa inatetemeka lakini haikusimama. "Ni bandama kweli. Limepasuka vipande. Naingiza mkono nyuma, nalileta mbele. Nimeupata mshipa. Nabana kwa koleo."

Nyamizi alitaka kusema *taratibu, mkia wa kongosho uko hapo*. Alifumbua mdomo.

"Kongosho nimeliona," alisema Khasandi, "nalikwepa."

Nyamizi akafumba mdomo. Kwenye meza ya mguu kijana mmoja alikuwa akihesabu mafundo kwa Kiganda. Kwenye meza ya ini mwenzake alikuwa anatukana, na alitukana pale pale ambapo Nyamizi hutukana, kila akifika kwenye ule mshipa mbaya. Kanali alikohoa kuficha kicheko. Kwenye meza ya shingo hapakuwa na neno, pumzi tu, kisha baada ya muda mrefu sauti ya kike ikasema, "Damu imekauka. Mshono unashika." Mtu akapiga meza kwa furaha na akakemewa asitikise.

Meza ya Obwoya ndiyo haikwenda. Nyamizi alifanya yote aliyoyajua na mengine aliyoyabuni hapohapo. Alishona moyo uliokuwa unadunda, akaziba kila tundu aliloliona, akaliminya pafu kwa kiganja. Mikono ya Hamduni ilikuwa naye bega kwa bega, bila kuvutwa, mpaka mwisho. Kisha moyo ukasimama na haukurudi. Aliubana kwa vidole, akaubana tena. Vidole vya Hamduni ndivyo vilivyosimama kwanza, kwa upole, na kwa mara ya kwanza mstari wake ulionyooka kwenye kioo ukapanda.

"Amekwenda, Mama," alisema Hamduni. "Tumwache."

Nyamizi alilia waziwazi, mbele ya Kanali, bila kujifuta. Mikono bora ya jeshi zima ilikuwa kwenye meza ile, na meza ile ndiyo iliyoshindwa. Kama angejigawa au kama angemchagua mwingine, asingepata kitu zaidi. Uchungu huo ulikuwa wake, na hakutaka mtu amsaidie kuubeba.

"Sajenti alikuwa na watoto," alisema.

"Nitawaandikia mwenyewe," alisema Burure. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Dokta. Sikiliza."

Alisikiliza. Hemani palikuwa na kelele ambayo hakuwahi kuisikia kwenye mkondo, kelele za watu wanaofanya kazi yao wenyewe. Walikuwa wakiombana koleo, wakielekezana, wakikosoana. "Mguu umeshika, kucha zimekuwa nyekundu." "Ini limefungwa, njoo uone fundo langu." "Hilo si fundo, huo ni mkia wa mbuzi." Na juu ya wote, sauti nyembamba ya Khasandi, ambayo sasa haikuwa nyembamba tena: "Nafunga tumbo. Kisanga yuko sawa. Presha inapanda. Mama, umesikia? Presha inapanda!"

"Nimesikia, Daktari," alisema Nyamizi.

Neno lile lilipita hemani kutoka meza hadi meza. Halafu Hamduni, yule mkimya, alipiga kigelegele kama mwanamke arusini, na wote wakacheka huku wakilia.

* * *

Hawakupewa nafasi ya kufurahi. Boti la uokoaji lilileta mwingine aliyeopolewa majini, askari wa doria, paja limefunguka hadi mfupani. Nyamizi alijifuta uso kwa pembe ya kanga, akavaa pete vidoleni, akajiweka sawa kitini. Mgongo ulimuuma, lakini alishukuru kwamba bado anahitajika.

Alipogusa mkondo akakuta kisu kimeshawaka. Khasandi alikuwa ameshaanza.

"Mshipa mkubwa mzima, mdogo umekatika," alikuwa akimwambia Hamduni. "Nishikie hapa. Hapana, juu zaidi. Hapo." Akainua macho kwenye kamera. "Mama Daktari, shikamoo tena. Kaa tu. Huyu ni wetu."

Nyamizi alikaa. Aliangalia ile mikono mikubwa ya Bungoma ikifanya jambo ambalo yeye asingelifanya vile. Ilipita chini ya msuli badala ya kuukata, njia ndefu kidogo, lakini mguu ungebaki na nguvu zake. Hakuwahi kumfundisha hilo. Alisogeza kiti karibu na kioo ili ajifunze.

Simu ya Kanali ililia. Ilikuwa makao makuu, na waliongea kwa sauti kubwa hata chumba kizima kikasikia. Walikuwa wamesikia habari za gati, walijua Tabora kuna daktari mmoja tu, na walikuwa wanatafuta njia ya kuazima madaktari kutoka jeshi lolote lenye huruma. Kwanza walitaka kujua hali ilivyo. Je, kituo kilikuwa na madaktari wangapi wa upasuaji kazini wakati huu?

Burure alitazama kioo, akawahesabu wabebaji kichwa kwa kichwa, bila haraka. Mwisho akamtazama Nyamizi. Alikuwa mtu asiyependa kudanganya wakubwa zake.

"Sita, afande," alisema. "Ndiyo, sita. Nitakuja mwenyewe kujieleza. Lakini si leo, leo bado tuna mgonjwa mezani."